Naomba ushauri: swichi tatu kwa mduara, kebo ikikatika mtandao unachelewa kurudi

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Nipo Mwanjelwa, Mbeya, naangalia mtandao wa ghala la mazao. Radi za huku mnazijua. Msimu uliopita iliunguza swichi (kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao), mizani ikakaa siku nzima bila kutuma risiti. Bosi ndipo akakubali tuwe na njia ya akiba, tena kwa kelele.

Nimefunga swichi tatu kwa mduara, STP imewashwa (itifaki inayofunga njia ya akiba ili data isizunguke bila mwisho, na kuifungua nyingine ikikatika). Nikichomoa kebo, mtandao unarudi baada ya sekunde 30, nyingine nikichomoa ni 50 kabisa. Kilichonichosha: swichi iliyojichagua kuwa ruti (swichi kuu ambayo nyingine hupanga njia zao kuielekea) ni ile kuukuu ya stoo! Zote zilikuwa na kipaumbele 32768 (namba ndogo ndiyo hushinda), ikashinda kwa MAC ndogo, yaani namba ya utambulisho ya kifaa. Ya ofisini nataka kuipa 4096, inayofuata 8192.

Nataka kuhamia RSTP (STP mpya, inarudisha mtandao haraka zaidi), ila hiyo ya stoo haiijui, na najua poti zinazoitazama zitarudi STP ya zamani. Niitoe kwenye mduara, ibaki na kebo moja tu, au nimbane bosi anunue nyingine?

Halafu ruta mbili za kututoa kwenda intaneti. Moja ni Cisco, nyingine MikroTik, kwa hiyo HSRP (itifaki ya Cisco ya ruta kupokezana) haipo, nimeweka VRRP, inayofanya kazi hiyo hiyo kwa kampuni tofauti; ruta yenye kipaumbele kikubwa ndiyo kuu. Nikizima ruta kuu, ya pili inashika vizuri. Lakini intaneti ikikatika nyuma ya ruta kuu huku yenyewe iko hewani, hakuna kinachohama. Mnaifanyaje ishushe kipaumbele chake yenyewe? Aliyewahi kuifunga hivi anielekeze.