Tupeane uzoefu: tabia gani moja ilikusaidia kupunguza uzito, na ikadumu?

Mwanzisha mada

Habari zenu wakuu. Orodha za vyakula vya kula na vya kuacha tunazo wote, kwa hiyo hapa naomba tuseme jingine: ulibadilisha nini katika mwenendo wako wa kila siku, kikakaa mwaka mzima au zaidi? Hata kama ni kidogo.

Naanza mimi. Nimepunguza uzito mara nne na mara zote nne ulirudi, mara mbili ukapita hata pale ulipokuwa. Kila safari nilianza kwa kishindo: sukari marufuku, chakula cha usiku marufuku, mazoezi alfajiri. Wiki ya tatu nimechoka, ya nne nimeacha, na moyo umeniuma. Mara ya tano nikaamua nijitazame kwanza. Kwa wiki mbili sikujikataza kitu. Niliandika tu kwenye daftari nimekula nini, saa ngapi, nikiwa wapi, na njaa ilikuwa kiasi gani.

Milo yenyewe haikuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa kile kipindi cha kama saa moja na nusu, tangu nifike nyumbani mpaka chakula kiive. Nafika njaa imenishika, nasimama jikoni nadokoa huku napika, halafu nakaa mezani namaliza sahani nzima kana kwamba sijagusa kitu. Siku nyingine nilichodokoa kilikuwa kingi kuliko mlo.

Nikaanza kula tunda saa kumi jioni kabla sijatoka kazini. Na napofika, nabadilisha nguo na kunywa maji kabla ya kuingia jikoni. Ni hayo tu. Miezi minane nikapungua kilo saba, na huu ni mwaka wa pili hazijarudi. Nidhamu yangu ni ileile ya zamani, ila sasa naijua saa yangu ya kuteleza. Yako ni ipi?

Mama Watatu

Ahsante mkuu, umenigusa. Yangu ni watoto wakishamaliza kula. Kila sahani vinabaki vijiko viwili vitatu, nami nimelelewa kwamba chakula hakitupwi. Nilikuwa namalizia nikiwa nimesimama, na kwa kuwa sijakaa, kichwani sikuhesabu kama nimekula. Sasa nawapakulia kidogo, anayetaka anaongezewa. Kinachobaki sufuriani naweka kwenye chombo chenye mfuniko papo hapo, kabla sijakaa kula changu. Tena nikila, nakaa. Hata kama ni kipande kimoja, nakaa.

Polepole

Kwa wale wanaokata tamaa mapema: niliambiwa tabia hujengeka kwa siku 21. Nilipofika siku ya 30 bado najilazimisha, nikaamini nina kasoro. Baadaye nikasoma utafiti wa University College London ulioongozwa na Phillippa Lally, uliofuatilia watu 96. Wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu tofauti ni kubwa, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kilichokwisha kujengwa. Hilo la mwisho ndilo lililonibakiza njiani. Mimi nilibadilisha soda ya mchana kuwa maji, na ilinichukua kama miezi mitatu mpaka mkono ukaacha kuitafuta.

Zamu ya Usiku

Usingizi, jamani. Nauguza wodini usiku, na siku niliyolala kwa muda wa saa nne tu natamani vitu vitamu mpaka asubuhi. Nilidhani ni uroho. Tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa kukosa usingizi huongeza njaa. Nilipoweka pazia zito na kuacha simu sebuleni, tamaa ilipungua kabla hata sijagusa chakula.

Mwenye Mizani

Mimi hupima kila asubuhi, lakini nalinganisha wastani wa wiki na wiki. Mwili huhifadhi wanga kama glaikojeni, na kila gramu yake huambatana na takribani gramu 3 za maji. Kwa hiyo ukipungua haraka wiki ya kwanza, sehemu kubwa ni maji, na ukipanda kilo moja na nusu baada ya sherehe, mengi ni maji pia. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni kama kilokalori 7,700. Haiji kwa sahani moja. Kabla ya kujua hili, niliacha mara mbili kwa sababu ya namba ya Jumatatu.

Nimetulia Sasa

Ndugu yangu Mwenye Mizani, kwako inafaa na nimefurahi. Mimi mizani ilinivunja. Nilipima mara tano kwa siku, nashinda na njaa, usiku nakula kwa siri mpaka naumwa. Kilichonisaidia ni mshauri wa afya ya akili, na milo mitatu kwa saa zake, hata siku niliyokula kupita kiasi jana yake. Ukijiona humu, tafadhali usianze daftari wala mizani peke yako. Tafuta mtaalamu kwanza.

Mwanzisha mada

Ahsante sana kwa kulisema. Wote wanaosoma wazingatie hilo.

Mgeni Humu

Naomba msaada. Mume wangu huleta vitamu kila jioni na kuviacha mezani. Hana nia mbaya, ni upendo wake. Nikiviona siviwezi.

Mama Watatu

Pole mdogo wangu. Usimwombe aache kula, mwombe sehemu ya kuviweka. Kwetu kuna kopo moja lisiloonyesha kilichomo, liko juu kabati la mwisho, ni la baba. Mezani tunaacha matunda yaliyokwisha kukatwa. Nikitaka kitamu, namwambia anitolee, tunakula pamoja tumekaa.

Mgeni Humu

Hilo kopo ninalo. Nitamwambia leo, akishakula.