Mrejesho: begi la kamera na laptop, nimeshachukua

Wakuu, asanteni. Niliuliza begi gani la mgongoni litabeba kamera moja, lenzi mbili (za milimita 24-70 na 70-200) na laptop ya inchi 14, na bado niingie nalo kwenye ndege. Nimechukua la lita 30 linalofunguka upande wa mgongoni. Ukilivaa kwenye daladala, aliye nyuma yako hafikii zipu.

Mliosema nianze na mizani mlikuwa sahihi kabisa. Begi tupu la aina hii hufika kilo 2, na lenzi ya 70-200 yenye tundu kubwa la mwanga (f/2.8) peke yake yaweza kufika kilo 1.5 hivi, kwa hiyo kikomo cha kilo 7 cha mzigo wa mkononi cha mashirika mengi ya ndege kinajaa upesi. Tripodi na chaja vimehamia kwenye sanduku la kukabidhi uwanjani. Betri za akiba haziruhusiwi huko: naingia nazo ndani ya ndege, ncha zimezibwa kwa tepu.

Jambo ambalo halikutajwa: pima mfuko wa laptop kwa mkono. Chini yake pawe na sponji nene, au mfuko uishie juu kidogo ya kitako cha begi. Bila hivyo, ukilitua kwa kishindo, kona ya laptop ndiyo inayopigwa.