Tupeane uzoefu: bendi uliyoipenda ilipobadilisha sauti

Nyuzi Sita: Wakuu, kuna mtu kanigusia Kid A, albamu ya Radiohead, nikakumbuka mbali. Umetoka kwenye OK Computer ya 1997, magitaa yamejaa, halafu mwaka 2000 unaweka diski unapokelewa na kinanda na sauti ya mwimbaji wao Thom Yorke imekatwakatwa. Niliitoa nikasoma jalada upya. Leo ndiyo albamu ya Radiohead ninayoirudia kuliko zote. Wewe ilikukuta kwa nani?

Mzee wa Kaseti: Metallica, St. Anger, 2003. Hakuna solo ya gitaa hata moja, na ile ngoma ndogo ya Lars Ulrich inalia kama sufuria. Sijasamehe.

Kipaza: Umesema kweli tupu.

Besi Nzito: Mnamwonea. Nyaya za chini ya ngoma aliziacha zimelegea makusudi. Tena mpiga besi alishaondoka, mwimbaji James Hetfield ametoka kwenye matibabu ya ulevi. Mlitaka solo tamu zitoke wapi?

Mzee wa Kaseti: Shida zao wasinitwishe mimi.

Dada wa Roki: Mimi roki niliingizwa na kaka yangu, kwa Hybrid Theory ya Linkin Park. Albamu yao One More Light ilipotoka Mei 2017 ilikuwa pop kabisa, mwimbaji Chester hapayuki, magitaa yamerudi nyuma. Kaka alifika wimbo wa tatu akazima. "Hawa wamekwisha." Nikamwambia asikilize maneno, huyu mtu anaumia. Tuligombana, tukanuniana wiki nzima. Tarehe 20 Julai habari ikaja: Chester Bennington hatunaye. Nilimkuta kaka sebuleni amekaa chini, mgongo kwenye spika, anairudia albamu ileile. Simu inaita, hapokei. Ulipofika wimbo uliobeba jina la albamu akaongeza sauti hadi spika ikakwaruza, analia waziwazi. Sijawahi kumwona vile, hata msibani. Nilikaa naye hadi kukakucha.

Kipaza: Duh. Pole sana dada.

Nyuzi Sita: Poleni. Na hii albamu yao ya 2024, From Zero, kaka anaionaje?

Dada wa Roki: Anamkubali sana Emily Armstrong, mwimbaji mpya. Mimi bado inanipa tabu.

Mzee wa Kaseti: Bila Chester wabadilishe jina.

Besi Nzito: Mike Shinoda alikuwepo tangu mwanzo, jina ni lake pia! Mzee una kesi na kila bendi?

Kipaza: Ushauri wangu, albamu mpya usiihukumu wiki ya kwanza. Isikilize ukitembea, mfululizo, usiruke wimbo.

Mzee wa Kaseti: Sikio likikataa limekataa. Rudi kwenye za zamani, zipo.

Sauti ya Pili: Nisaidieni basi na albamu ya Arctic Monkeys ya 2018. Nilizoea magitaa ya albamu yao AM, sasa mwimbaji wao Alex Turner kahamia kwenye piano, nyimbo zinatambaa tu. Nimeshaizima mara kadhaa.

Nyuzi Sita: Isikilize usiku, hedifoni masikioni.

Besi Nzito: Usiku utalala. Mchana, spika kubwa, usikilize besi.