Tupeane uzoefu: uliyedhurika na chanjo ya lazima, ulimdai nani?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu si wa kubishana kama chanjo ni nzuri au mbaya, nyuzi hizo zipo tele. Nataka kusikia kwa waliodhurika na chanjo au dawa waliyolazimishwa na sheria, kazi au safari, kisha wakajaribu kudai.

Naanza mimi. Kazini tuliambiwa bila chanjo hakuna mkataba. Bega likakaza, miezi kadhaa nashindwa hata kuchana nywele. Mwajiri akasema amri imetoka juu. Wizara ikasema bidhaa si yao. Kiwanda kikanijibu kwa barua fupi yenye adabu zote kwamba mnunuzi ni serikali, na mambo ya fidia yamo ndani ya mkataba. Naomba kuuona mkataba, naambiwa ni siri.

Dereva wa Masafa: Pole mkuu. Yangu ilikuwa homa ya manjano, maana bila kadi mpakani hupiti. Nililazwa. Kwenye ile kadi kuna sehemu ya kuandika mtengenezaji na namba ya bechi; yangu ilipigwa muhuri tu, kwingine ikaachwa wazi. Ningemshtaki nani sasa?

Wakili wa Kijiweni: Mnaona kama kiwanda kimependelewa, lakini jambo hili lina historia. Mwaka 1955 Marekani, chanjo ya polio ya kampuni ya Cutter ilitoka na virusi hai. Watu kama 200 walipooza, 10 wakafa. Baraza la mahakama likasema kampuni haikuzembea, lakini ilipe. Viwanda vikaanza kuogopa. Mwaka 1976, kwenye chanjo ya mafua ya nguruwe, kampuni za bima ziligoma kabisa, ikabidi serikali ijibebeshe kesi zote. Baadhi ya waliochanjwa wakapata ugonjwa wa Guillain-Barré, unaoshambulia neva na kudhoofisha misuli, na bili ikaenda serikalini.

Ndipo ikaja sheria ya 1986: unaanza kudai kwenye mfuko maalumu, unaochangiwa senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Mwaka 2011 Mahakama yao ya Juu ikafunga mlango wa kudai kwamba chanjo ilibuniwa vibaya. Bechi ikiharibika kiwandani ni habari nyingine, ila hata hapo lazima upitie mfuko kwanza.

Uingereza ndiyo inaniudhi zaidi. Malipo ni pauni 120,000, lakini ulemavu ufike asilimia 60. Ukipimwa 59, huna kitu!

Mama Pacha: Na sisi tusio na mfuko?

Wakili wa Kijiweni: Mama, kwa chanjo za Covid zilizopitia COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo, uliundwa mpango wa fidia mwaka 2021 kwa nchi 92. Nje ya hapo unabaki na sheria za kwenu, na mara nyingi serikali ilishasaini kumkinga mtengenezaji.

Nesi Mstaafu: Mleta mada, samahani, walikuchoma wapi hasa? Sisi tulifundishwa kupima vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa bega. Sindano ikipanda juu inaingia kwenye kiungo, si kwenye msuli. Ikiwa ni hivyo, kiwanda unakionea bure. Marekani tatizo hilo liliingizwa kwenye orodha ya fidia mwaka 2017.

Mleta mada: Juu kabisa, dada. Nilivaa shati la mikono mirefu, mchomaji akavuta kola tu, akachoma.

Nesi Mstaafu: Nilijua! Mgonjwa avue mkono wote, basi. Kaombe nakala ya daftari la siku hiyo kituoni, na maelezo ya daktari yanayotaja tarehe maumivu yalipoanza. Barua inayofuata iandikie kituo.

Wakili wa Kijiweni: Na uangalie ukomo wa muda. Mfuko wa Covid wa Marekani ulitoa mwaka mmoja tu tangu siku ya kuchomwa. Yako ilikuwa lini?