Maswali ya vitabu vya hadithi mnayowapa watoto: aliyesoma anakosa, aliyeangalia katuni anapata

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Hizi karatasi za maswali ya vitabu vya hadithi zinazozunguka kwenye magrupu ya wazazi na walimu ni dhuluma kwa watoto. Anayezitunga hajafungua kitabu. Anakumbuka katuni, anaandika swali, anaweka na jibu lake chini kwa uhakika kabisa, halafu mtoto aliyekaa na kitabu mpaka ukurasa wa mwisho ndiye anayewekewa kosa kwa wino mwekundu.

Tuanze na Aladini, maana hakuna karatasi inayomwacha. Swali: jini wa taa alimpa Aladini matakwa mangapi? Jibu: matatu. Hayo matatu ni ya filamu ya Disney ya mwaka 1992. Katika hadithi yenyewe, ile ambayo Mfaransa Antoine Galland aliiingiza kwenye Alfu Lela Ulela mwanzoni mwa karne ya 18, hakuna hesabu. Mwenye taa akiisugua anatumikiwa, leo, kesho na keshokutwa. Tena majini ni wawili, wa pete na wa taa, na aliyemtoa Aladini shimoni ni yule wa pete. Mtoto anayeandika "hayakuwa na idadi" amesoma, na ndiye mnayemkosesha. Swali linalofuata huwa ni Aladini aliishi wapi, na mwongozo wa kusahihishia unasema Uarabuni. Fungueni mwanzo wa hadithi: ni mji mmoja wa China.

Snow White aliamshwa na nini? Mnasema busu. Busu ni la filamu ya 1937. Kwa ndugu Grimm, wale Wajerumani wawili waliokusanya ngano, watumishi waliobeba jeneza la kioo walijikwaa kwenye kichaka, na ule mtikisiko ukakitoa kipande cha tufaha kilichomkwama kooni. Chura wa ngano yao nyingine naye hakubusiwa: binti mfalme alimbamiza ukutani kwa hasira, ndipo akageuka mtu. Pinocchio hakumezwa na nyangumi. Carlo Collodi, ambaye kitabu chake kilitoka 1883, alimwandika papa mkubwa, na nyangumi akaja na filamu ya 1940. Yule nyenje mshauri anayeimba kwenye filamu, kitabuni anatupiwa nyundo na Pinocchio katika sura ya 4 na kubaki amenata ukutani. Mtoto akiliandika hilo, msahihishaji anadhani anafanya utani! Na Long John Silver wa Kisiwa Chenye Hazina, anayeulizwa mguu wake wa mti uko upande gani, hana mguu wa mti. Wa kushoto umekatwa karibu na nyonga na anatembelea mkongojo.

Chanzo ni kimoja. Mtungaji anatunga kwa kichwa badala ya kutunga kitabu kikiwa wazi mezani. Filamu tumeiona mara kumi, kitabu tumekisoma mara moja utotoni au hatukukisoma kabisa, kwa hiyo kinachokuja kwanza akilini ni picha za filamu.

Kwenye ngano zetu wenyewe hali ni mbaya zaidi, na hapa ndipo ninapokasirika hasa. Hadithi ya kima aliyedanganya kwamba moyo wake ameuacha mtini: rafiki yake alikuwa nani? Majibu ya kuchagua ni mamba, kasa, kiboko, samaki. Mwongozo unasema mamba. Mamba ni wa masimulizi ya India. Katika masimulizi ya pwani yetu, kama mmisionari Mwingereza Edward Steere alivyoyaandika Unguja na kuyachapisha London mwaka 1870, rafiki ni papa. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia maji, anamtupia papa chakula, na papa anambeba mgongoni kumpeleka kwa sultani mgonjwa ambaye dawa yake ni moyo wa kima. Mtoto aliyesimuliwa na bibi yake Pemba au Bagamoyo atamtafuta papa kwenye orodha, hatamwona, atachagua samaki, atakosa. Ndani ya hadithi hiyo mna hadithi nyingine, ya punda wa dobi, ambayo kima anamsimulia papa anapobembelezwa ashuke mtini kwa mara ya pili. Kwa nini kima anaisimulia? Hilo ndilo swali la hadithi nzima, na hakuna karatasi inayoliuliza.

Abunuwasi je? Nani aliandika hekaya zake? Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zama za Harun al-Rashid, lakini visa tunavyovijua sisi ni ngano zilizopita vinywa vingi. Mnamlazimisha mtoto akariri jina la mkusanyaji kana kwamba ndiye aliyetunga. Maswali ya mwaka wa kuchapishwa sitayagusa. Mtoto wa miaka tisa halijui wala halihitaji.

Sasa namna ya kufanya, kwa anayetaka kupima usomaji kweli.

Juu ya karatasi andika kitabu kwa ukamilifu: jina, mfasiri au msimuliaji, mchapishaji, mwaka. Kiatu cha Cinderella ni cha kioo kwa Charles Perrault, 1697, na ni cha dhahabu kwa ndugu Grimm. Usipotaja ni cha nani, majibu yote mawili ni sahihi na huna haki ya kumkosesha mtu. Majina nayo yanabadilika kwa mfasiri: yule msichana aliyetumbukia kwenye shimo la sungura ni Elisi katika tafsiri ya Kiswahili ya 1940 na ni Alisi katika ile ya 2015. Mwongozo lazima uyakubali yote mawili, na tahajia ya jina isikatiwe alama hata moja.

Idadi: kitabu cha kurasa 60 kinatosheka na maswali 10. Mawili ya mwanzo, matano ya katikati, matatu ya mwisho. Karatasi nyingi zinajaza maswali yote kwenye robo ya kwanza kwa sababu hapo ndipo mtungaji alipoishia kusoma. Gulliver ana safari nne, lakini maswali yote ni ya watu wafupi wa Lilliput, safari ya kwanza.

Swali zuri ni lile ambalo filamu haina jibu lake na msomaji hawezi kulisahau. Kabla ya tufaha, malkia alimletea Snow White vitu gani viwili? Kigwe cha kubania nguo kifuani, na kitana chenye sumu. Miguu ya Pinocchio ilipatwa na nini usiku ule wa baridi? Iliungua akiwa amelala ameiegemeza kwenye jiko la makaa. Maswali mawili kama hayo yanakuambia zaidi kuliko ishirini ya rangi ya gauni.

Maswali ya kupanga matukio ni mazuri sana, ila mnayasahihisha vibaya. Mpangilio sahihi ni A B C D E, mtoto kaandika B C D E A. Ukisahihisha kwa nafasi anapata sifuri, na hali alichosahau ni tukio moja tu. Sahihisha kwa jozi: matukio matano yana jozi nne zinazofuatana, kila jozi iliyokaa sawa ina alama moja. Huyo amepata BC, CD na DE. Tatu kwa nne, na ndiyo haki yake.

Maswali ya kuchagua yapunguzeni. Yenye majibu manne, asiyesoma kabisa anabahatisha robo: maswali 20, alama 5. Ukiweka vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi, viwili vya kijinga, mfano "ndege ya jeshi" kwenye hadithi ya sungura na fisi, anavifuta hivyo viwili na kubahatisha nusu. Alama 10 kati ya 20 bila kugusa kitabu! Kila kipotoshi kitoke ndani ya kitabu hichohicho: mhusika mwingine, mahali pengine, tukio la sura nyingine. Na jibu sahihi lisiwe ndilo refu kuliko yote, maana watoto wameshaijua hiyo siri.

Kabla ya kuisambaza, wape karatasi watoto watano ambao hawajasoma kitabu. Swali ambalo watatu au zaidi wanalipata, litupe.

NYONGEZA baada ya majibu yenu:

Mkuu uliyesema swali la "hadithi inatufundisha nini" ndilo muhimu kuliko yote, nakubali, lakini siyo la kuchagua A mpaka D. Chukua paa aliyemtajirisha maskini wa jaani mpaka akaitwa Sultan Darai, halafu paa alipougua akadharauliwa. Majibu mnayoweka ni tupende wanyama, tusiwe na kiburi, tusisahau fadhila, tufanye kazi kwa bidii. Matatu ya kwanza yote yanateteeka. Utamkosesha vipi aliyechagua kiburi? Uliza hivi: paa alipougua, bwana wake aliagiza apewe nini, na kabla ya hapo paa alikuwa amemfanyia nini? Atakayetaja uji wa mtama, na joka la vichwa saba ambalo paa aliliua, amesoma na funzo amelishika. Mpe nafasi ya mistari mitatu aandike anavyoona mwenyewe.

Mwingine anasema ni mchezo tu, nisikuze mambo. Mtoto akiambiwa mara tatu kwamba amekosea katika jambo aliloliona kwa macho yake kitabuni, mara ya nne hasomi. Anaangalia katuni, kwa kuwa ndiyo inayompa alama. Huo si mchezo.

Na wale mnaosema vitabu havipo, darasa la watoto 60 lina nakala moja: ni kweli, na karatasi ndiyo njia mbaya kuliko zote kwa darasa la namna hiyo. Msomee hadithi darasa zima kwa sauti mara mbili, siku mbili tofauti. Siku ya tatu anza kuwaita mmoja mmoja wakusimulie, dakika tatu kila mtoto. Wewe una kikaratasi chenye matukio manane ya hadithi, unatia tiki kila analolitaja, kwa mpangilio wowote. Akikwama, muulize "halafu?" mara moja, usimtajie tukio. Wote 60 kwa mkupuo ni saa tatu, hamna mwalimu anayezipata. Wachukue sita kwa siku, dakika 18 tu, na baada ya siku 10 za shule umemaliza darasa zima bila kuchapa karatasi hata moja. Wakaao mwisho wa orodha watakuwa wameshawasikia wenzao wakisimulia, kwa hiyo hao wape hadithi ya pili.