Kujitenga kwa Katanga, 1960 hadi 1963: mkono wa Ubelgiji ulifika wapi?

Swali: Mwalimu wa Historia

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha historia ya Afrika, na kila tunapofika Katanga, mkoa wa kusini mwa Kongo wenye migodi ya shaba, wanafunzi wangu hugawanyika. Wapo wanaosema kwamba Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, alikuwa kibaraka wa Wabelgiji na wa kampuni ya migodi ya Union Minière, na kwamba tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, alitangaza kujitenga kulikokwisha kupangwa na wengine. Wapo pia wanaojibu kwamba watu wa kusini mwa Katanga walikuwa na malalamiko yao wenyewe, na kwamba kuyaita yote njama za wageni ni kuwanyima Waafrika wale dhamira yao. Ninyi mnapimaje? Kuna njia gani ya kutenganisha madai ya wenyeji na maslahi ya mgeni anayeyafadhili?

Jibu: Mtafiti wa Nyaraka

Mwalimu, anza na malalamiko, kwa sababu yalikuwepo kabla ya Tshombe kujulikana. Katanga ilitawaliwa kwa utaratibu wake wa pekee hadi 1933, mamlaka yalipokusanywa Léopoldville (leo Kinshasa), makao makuu ya koloni, na jambo hilo liliacha uchungu, hasa miongoni mwa walowezi. Migodi ya shaba nayo ilivuta wafanyakazi wengi kutoka mkoa jirani wa Kasai, kiasi kwamba katika uchaguzi wa miji wa Desemba 1957 mameya wa mitaa ya Waafrika mjini Élisabethville (leo Lubumbashi), mji mkuu wa Katanga, walitoka nje ya mkoa. Wenyeji wa kusini walijiona wageni katika mji wao, na mwaka uliofuata chama cha CONAKAT, kilichoongozwa na Tshombe, kikaundwa.

Hata hivyo, angalia kilichotokea 1959: Union Katangaise, chama cha walowezi wa kizungu, kilijiunga na CONAKAT. Hofu ya mfanyakazi wa Kilunda au wa Kiyeke kuhusu ajira ilikutana na hofu ya mlowezi kuhusu mali yake, na tangu hapo zote mbili zikasemwa kwa sauti moja. Ninaamini kwamba athari kubwa ya mgeni ilianzia hapo, miezi mingi kabla ya askari wowote kutua.

Jibu: Msomaji wa Sheria

Ninakubaliana na ndugu Mtafiti kuhusu chimbuko, lakini malalamiko hayalipi mishahara wala hayaundi jeshi. Katika uchaguzi wa Mei 1960 CONAKAT ilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la mkoa. Wapinzani wake wa BALUBAKAT, chama cha Waluba wa Katanga, wakiongozwa na Jason Sendwe, walisusia vikao ili akidi isitimie, na mwezi Juni bunge la Ubelgiji likabadilisha Sheria ya Msingi ya Kongo, yaani katiba yake ya muda, kwa namna iliyoiwezesha CONAKAT kuunda serikali ya mkoa peke yake. Wanafunzi wako watafaidika wakikaa na tukio hili kwa muda, kwa kuwa linaonyesha mkono wa nje ukiamua nani awe na haki ya kusema kwa niaba ya mkoa, na ukifanya hivyo kwa njia ya kisheria kabisa.

Baada ya tangazo, askari wa Ubelgiji waliwanyang'anya silaha wanajeshi wa Kongo waliokuwa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakaunda na kuongoza jandarmeri ya Tshombe, yaani jeshi lake, na Union Minière ikaelekeza kwa serikali ya Tshombe kodi iliyopaswa kwenda Léopoldville. Hata hivyo hakuna nchi iliyoitambua Katanga rasmi, hata Ubelgiji yenyewe. Nchi inayogharimia dola lakini ikakataa kuitambua inataka faida za kujitenga bila kubeba dhamana yake mbele ya mataifa. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliuawa katika ardhi hiyo tarehe 17 Januari 1961, na mwezi uliofuata, tarehe 21 Februari, Baraza la Usalama lilidai kuondolewa kwa maofisa wa Kibelgiji, washauri wa kigeni na mamluki.

Jibu: Mfuatiliaji wa Afrika

Naomba kuweka tahadhari moja. Tukisema kwamba msaada wa nje unatosha kubatilisha dai la kujitenga, tutaihukumu vipi Biafra, eneo la Waigbo lililojitenga na Nigeria mwaka 1967? Ufaransa iliisaidia Biafra kwa siri, lakini Uingereza na Umoja wa Kisovieti nazo ziliipa silaha serikali ya shirikisho la Nigeria. Tanzania iliitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968, na Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna awezaye kumwita rafiki wa ukoloni, alitoa hoja kwamba Waigbo waliouawa kwa maelfu kaskazini mwaka 1966 walikuwa na sababu ya kutoamini tena kwamba dola ile ingewalinda. Mgeni alikuwepo pande zote mbili, kwa hiyo kuwepo kwake peke yake hakutoi hukumu. Mimi huuliza kama harakati ingeendelea kudai jambo lile lile endapo mfadhili angebadilika. Tshombe, baada ya kushindwa na majeshi ya Umoja wa Mataifa mnamo Januari 1963, alirudi Julai 1964 akiwa waziri mkuu wa Kongo nzima, akatumia mamluki na wanajandarmeri wale wale kuwapiga waasi wa mashariki. Kwa kiongozi aliyesema kwamba Katanga ni taifa, hilo ni jambo zito.

Mwalimu wa Historia

Nawashukuru sana. Nimebaki na jambo moja: je, Waluba wa kaskazini mwa Katanga walikuwa na msimamo gani? Vitabu tunavyotumia vinawataja kwa sentensi mbili tu.

Jibu: Mtafiti wa Nyaraka

Wengi wao walikataa, Mwalimu, na walikataa kwa silaha. Walipoasi mwaka 1960, jandarmeri iliyoongozwa na wazungu ilichoma vijiji vyao, na Umoja wa Mataifa ukalazimika kutenga maeneo ya kuwalinda. Januari 1961 BALUBAKAT ilitangaza mkoa wake wa Lualaba, makao yake yakiwa Manono, ikisaidiwa na askari wa serikali ya Antoine Gizenga, mfuasi wa Lumumba, kutoka Stanleyville (leo Kisangani). Baadaye mwaka huo maelfu ya Waluba waliokuwa Élisabethville walikimbilia kambi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa. Wape wanafunzi ramani ya mkoa, wachore eneo ambalo amri ya Tshombe ilifika kweli, kisha waweke alama kwenye migodi mikubwa ya shaba na kobalti.