Mjadala: Ngozi ya mtu ipo maabara, kima wa kujaribia chanjo bado wa nini?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tujadili jambo moja bila kutukanana. Chanjo inayodungwa ndani ya ngozi, ni lazima ipite kwa kima kabla haijamfikia mtu?

Kwa wasiofuatilia: ngozi si ganda la kufunika nyama tu. Mwaka 1868, Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, alitia kipande cha ngozi ya mtu kwenye kemikali ya dhahabu akaona seli zenye mikono kama matawi. Akadhani ni za mishipa ya fahamu. Ilipita zaidi ya karne ndipo ikaeleweka kwamba ni walinzi. Zinanasa kijidudu, zinashuka nacho hadi kwenye tezi za limfu (zile zinazovimba tukasema mtu ana mitoki), na huko zinazionyesha seli T (askari wa kinga ya mwili) sura ya adui. Ralph Steinman, aliyeelezea ndugu wa seli hizo mwaka 1973, alitangaziwa Nobeli mwaka 2011 akiwa amefariki siku tatu kabla, na waliomchagua hawakuwa na habari.

Kwa sababu walinzi wamejaa hapo juu, dozi ndogo inatosha kuwashtua. Chanjo ya polio ya sindano ikidungwa ndani ya ngozi ni mililita 0.1, moja ya tano ya ile ya kwenye msuli. Mtazame mchanjaji anayeijua kazi: sindano imelala karibu sambamba na mkono, tundu lake linaangalia juu, anasukuma polepole, na kiuvimbe cheupe kinainuka chenye vishimo kama ganda la chungwa. Kisipoinuka, kapitiliza.

Sasa hoja. Kila utetezi wa kima ninaousoma unaanzia palepale: ngozi ya panya haifanani na yetu. Ni kweli. Ina manyoya tele, tabaka lake la juu ni jembamba mno, na limejaa aina ya seli T ambayo sisi hatuna. Lakini panya kushindwa mtihani hakumfaulishi kima. Ngozi ya mtu ipo! Inakatwa kwenye upasuaji wa kupunguza tumbo au matiti, kisha inatupwa. Mwenyewe akiridhia, kipande kinawekwa kwenye sahani, kinadungwa chanjo, na ndani ya siku mbili tatu seli za Langerhans zinatambaa zenyewe hadi kwenye maji ya lishe. Unazichota, unazihesabu. Kima anaingilia wapi hapo?

Fundi Sampuli

Mkuu, umeanza vizuri ukaishia njiani. Hizo sahani nimezishika kwa mikono yangu. Kipande cha ngozi kina mlango wa kutokea lakini hakina pa kwenda. Seli ikitoka inaelea tu. Hakuna damu ya kuleta askari wa akiba, hakuna tezi, na baada ya siku chache kipande chenyewe kinaanza kufa. Chanjo inapimwa kwa kumbukumbu ya miezi na miaka, wewe unanipa Jumatatu hadi Alhamisi.

Halafu kuna swali usiloweza kumuuliza mtu hata akikubali: akiambukizwa kifua kikuu makusudi, atapona? Kima wa resusi waliulizwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: kima 10 walipewa BCG (chanjo ya kifua kikuu) kwenye mshipa wa damu badala ya ngozini, na miezi sita baadaye wakaambukizwa. Tisa walikingwa vizuri sana, na sita kati yao hawakuonekana na dalili yoyote ya maambukizi. Waliopewa ngozini kwa dozi ya kawaida hawakufika popote karibu na hapo. Sahani yako ingetuambia hilo?

Bibi Swali

Ndugu Fundi, nakuheshimu, ila usitupitishe upande mmoja wa barabara. Machi 2006, hospitali ya Northwick Park, London, wanaume sita walipewa dawa ya majaribio iliyoitwa TGN1412, iliyotengenezwa kuziamsha seli T. Si chanjo, lakini inagusa kinga hiyohiyo. Kima walipewa dozi kubwa mara 500 wakakaa salama. Wale sita, ndani ya saa chache, kinga yao ililipuka na viungo vikaanza kushindwa kazi. Walinusurika kwa kudra. Baadaye ikaonekana baadhi ya seli T za kima hazina kile kishikizo ambacho dawa ilikuwa inakilenga, sisi tunacho.

Na ile chanjo ya UKIMWI iliyobebwa na kirusi cha adeno (jamii ya virusi vya mafua ya kawaida)? Kwa kima ilitia moyo, kwa watu majaribio yakasimamishwa mwaka 2007 kwa kuwa haikukinga. Kufanana kunadanganya zaidi kuliko kutofanana, maana panya angalau unamshuku.

Mleta mada

Bibi, umeniongezea kuni. Lakini Fundi pia nampa haki yake: kwa kifua kikuu sina jibu zaidi ya kima, na sitajifanya ninalo.

Ninachokataa ni kibali cha jumla. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2010 linataka kima watumike pale tu wanyama wengine wameshindwa kutoa jibu, na Marekani, tangu Desemba 2022, sheria hailazimishi tena dawa mpya ipite kwa wanyama. Basi tuulize swali moja moja. Seli zipi zimenasa chanjo? Ngozi ya mtu. Chanjo inaumiza ngozi? Ngozi ya mtu. Hata tezi si siri tena: mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, walichoma sindano nyembamba kwenye tezi za kwapa za watu waliochanjwa UVIKO-19, wakaona kiwanda cha kingamwili kikiendelea kufanya kazi kwa angalau wiki 12. Watu hao walikwenda kwa miguu yao, wakarudi nyumbani.

Fundi Sampuli

Hao ni watu wazima. BCG anapewa nani? Mtoto mchanga. Nani atamruhusu umchome mwanawe wa siku tatu kwenye kwapa? Na upasuaji wa kupunguza tumbo, wachanga hawafanyiwi.

Mleta mada

Ngozi ya wachanga ipo pia. Magovi ya tohara yanatumika maabara miaka mingi kukuzia seli.

Fundi Sampuli

Govi si mkono, mkuu. Na la msichana utalitoa wapi? Tezi je?

Bibi Swali

Nimecheka, lakini swali lake ni la haki.

Mleta mada

Ni la haki. Kwa tezi ya mtoto mchanga nakuachia kima wako, Fundi. Ila wawe wachache, na swali hilohilo liandikwe kwenye fomu kabla kizimba hakijafunguliwa, pamoja na sababu ya kwa nini sahani imeshindwa. Fomu ngapi umewahi kuona zimejazwa hivyo?